Bunduki ya Maureen na Mbweha Waliotoweka

Kila Jumamosi mmoja wenu hunipigia simu na kuniuliza swali lilelile: Babu, ninunue bunduki gani? Leseni ameshapata, kabati la chuma ameshalifunga ukutani, kibali kiko njiani, na sasa anataka nimtajie jina la kiwanda tu ili akimbilie dukani. Mkiniuliza kwa Kiswahili nawajibu kwa Kiswahili. Mkiniuliza kwa Kiingereza nawajibu kwa Kiswahili vilevile, maana najua mnasikia.

Jina la kiwanda simtajii mtu. Viwanda vyote vikubwa vinatoa bunduki nzuri, na vyote huponyokwa na mbaya mara mojamoja. Nitakachowaambia ni namna ya kuichagua moja ukiwa umesimama mbele ya kaunta, halafu nitawaeleza kwa nini nasisitiza usahihi mpaka mnanicheka. Wekesa, mwenzangu wa kazi, anaijua habari hiyo, maana tulikuwa pamoja. Ninyi wengine mmeisikia nusunusu, kwenye harusi, mmekaa na sahani za pilau, na mmeipata vibaya.

Nilifanya kazi Minto, upande wa viwandani, katika karakana iliyo nyuma ya duka moja la bunduki, mpaka magoti yaliponistaafisha. Tanga nilikuwa fundi mitambo. Mke wangu Zuhura alipata kazi ya uuguzi Liverpool ya huku, si ile ya Waingereza, nami nikamfuata na kisanduku changu cha vifaa, nikidhani nitatengeneza pampu. Aliyenichukua ni Mzee Ante, Mkroatia mwenye mikono mipana kama koleo, aliyekuwa fundi wa karakana ile tangu ujana wake. Hakuniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Alinipa kipande cha chuma na tupa, akaniambia nikifanye mraba, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kesho uje mapema."

Somo lake la kwanza nawapa bure. Bunduki haichaguliwi kwa macho. Alinipa moja, akaniambia, "Fumba macho. Iweke begani kama unavyopenda mwenyewe, shavu lako lilale pale linapotaka. Umetulia? Sasa fumbua."

"Naona kivuli cheusi upande mmoja wa darubini," nikamwambia.

"Basi hiyo si yako. Irudishe."

Fanyeni hivyo dukani, hata muuzaji akiwaangalia vibaya. Ukifumbua macho na jicho likawa katikati ya darubini bila kusukuma shingo wala kunyanyua kidevu, kitako kile kinakufaa. Kama sivyo, utapigana nayo kila siku, na atakayeshindwa ni wewe.

Halafu chukua karatasi nyembamba, hata risiti ya chakula, uipitishe kati ya mtutu na ile mbao au plastiki iliyoubeba, uivute kuelekea kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea, haugusi kitu, na ukipata moto utanyooka pale ulipo. Ikikwama, risasi za mwanzo zitakwenda mahali pamoja na za mwisho mahali pengine, nawe utalaumu upepo. Triga uivute bila risasi, kwa ruhusa ya mwenye duka. Inatakiwa ivunjike ghafla kama kijiti cha kioo, isiburute. Na kama unawinda waharibifu wa shambani, yaani sungura na mbweha, au unatoboa karatasi kutwa nzima, chukua mtutu mnene. Mtutu mwembamba ni wa mtu anayepanda milima na kufyatua mara moja kwa siku. Mnene ni mzito, utakulalamisha njiani, lakini hauchoki kabla yako.

Kuna kijana alikuwa anasoma chuo pale Kensington, nayo ya huku, jina lake Bakari, mtoto wa watu wa Pangani. Nilimweleza haya yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akanunua bunduki yenye ubao wa mjozi uliong'aa kama meza ya sebuleni. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, nami sikuwa na la kuongeza. Wakati wa joto ilipiga kulia. Mvua zilipoanza ikahamia kushoto. Ubao ule ulikuwa unakunywa unyevu, unavimba na kuusukuma mtutu. Alinirudia amenuna, akaniambia, "Mzee, bunduki hii ina jini."

Nikamwambia, "Haina jini, Bakari. Ina kiu."

Tukachonga ubao, tukaupaka dawa ndani, ikatulia. Tulicheka sana siku ile. Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba mimi si mtu wa kuona majini kwenye vyuma. Kitu kikienda kombo natafuta skrubu iliyolegea kwanza.

Na risasi. Kila bunduki ina tumbo lake. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, moja itaipenda aina hii na nyingine itaitapika. Nunua pakiti mojamoja za aina mbalimbali, nenda uwanjani asubuhi isiyo na upepo, piga matundu matano kwa kila aina, acha mtutu upoe, rudia. Usije ukanionyesha karatasi moja uliyobahatisha. Bahati nayo hulenga shabaha.

Zamani kazi yetu ilikuwa kuziokoa bunduki za kiwandani. Zilikuja zimefungwa vibaya, Mzee Ante akazifungua, akazilalisha upya kwenye vitako vyake kwa gundi ya chuma, akang'arisha triga, akakaa nazo wiki nzima. Kisha mashine za kompyuta zikaingia viwandani. Siku moja tukapokea bunduki ya kawaida kabisa, kitako cha plastiki, sura ya mwiko wa ugali. Tukaipeleka uwanjani, ikatoboa matundu yote yakaingiliana kama ua dogo. Mzee Ante aliitazama ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Mwaka uliofuata aliacha kazi. Karakana tukabaki nayo mimi na Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mlokole, mcheshi, aliyekuja kwetu kutoka gereji ya malori.

Bunduki aliyoinunua Maureen ilikuwa ya aina hiyohiyo ya mwiko wa ugali.

Maureen alikuwa mama wa makamo, mfugaji wa kondoo kusini huko, mbele ya Goulburn. Aliishi peke yake na mbwa. Mumewe, Graham, aliondoka miaka mingi kabla hatujamfahamu. Waligombana asubuhi moja, akachukua begi, akatoka, na hakurudi. Jirani alimwona barabarani na begi lake siku hiyohiyo. Mtu mzima amegombana na mkewe, amebeba begi, ameonekana barabarani: nani amtafute? Watu wakasema yuko Queensland, yuko Perth, ana familia nyingine. Haya Maureen alitusimulia mwenyewe siku ile ya kwanza, kwa sauti kavu, kama mtu anayeeleza kwa nini lango lake halifungi. Alikuwa anataka bunduki kwa sababu mbweha walikuwa wanamwibia wanakondoo wakati wa kuzaa.

Nilimfumbisha macho, nikamfumbua. Nikampitishia risiti chini ya mtutu. Tukachagua ya risasi ndogo za mbili-mbili-tatu, mtutu mnene, nami nikaifunga darubini kwa bisibisi ya kipimo. Wekesa akaijaribu uwanjani, akaikuta inapenda risasi za aina fulani nyepesi. Karatasi yake ya majaribio ungeweza kuyafunika matundu yote kwa kifungo cha shati. Maureen akaondoka ameridhika.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi. Mvua ilikuwa inanyesha Minto, duka halina watu. Alilifungua sanduku juu ya benchi, akasogea nyuma.

"Raj," akaniambia. Hawa watu hufupisha kila jina, nami nimekuwa Mhindi uzeeni. "Naomba uiangalie."

"Inakosa?"

"Sijui." Alikuwa ameshika mikono yake pamoja. "Mbweha anakuja mteremkoni alasiri, anakaa. Nampiga. Namwona kwenye darubini anaanguka. Nikifika hayupo. Hakuna damu, hakuna nywele. Baada ya siku kadhaa anakuja mwingine anakaa palepale. Nampiga, anaanguka, hayupo."

Wekesa aliacha alichokuwa anafanya.

"Labda unamkosa, anaruka, unaona kama ameanguka," nikasema. "Inatokea."

"Ndiyo maana nimeileta," akasema. "Nataka uniambie ninamkosa."

Alivyolisema lile neno nataka, nilielewa kwamba hakuwa anaomba matengenezo. Alikuwa anaomba aambiwe kwamba akili yake ni nzima.

Tuliifungua yote. Skrubu zimekaza, darubini haikusogea hata unywele, mtutu msafi, ncha yake haina mkwaruzo. Kesho yake tukaipeleka uwanjani na risasi zake mwenyewe. Matundu yakaingiliana kama siku iliponunuliwa.

"Hii bunduki haina shida, mzee," Wekesa akaniambia tukiwa tunakunja karatasi. "Shida iko huko kwake."

"Shida gani?"

"Mimi sijui. Lakini huyo mama hawezi kukosa na hii. Hata akipiga akiwa anapiga chafya."

Ingekuwa rahisi kumrudishia na kumwambia iko sawa, kwaheri. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake. Tukapanga twende naye siku ya mapumziko, sisi na leseni zetu na bunduki yake, tukaangalie wenyewe. Zuhura alipoambiwa kuna mbweha anayeuawa na hafi, aliniambia nisiende bila kusoma dua. Nikasoma, kumridhisha yeye. Wekesa naye aliomba ndani ya gari tulipokuwa tunaingia barabara kuu, akaomba kwa sauti na kwa urefu, macho wazi kwa sababu ndiye aliyekuwa anaendesha.

Tulifika adhuhuri. Nyumba ilikuwa ya mbao, bati jekundu, na nyuma yake bonde dogo la majani. Ng'ambo ya bonde palikuwa na mteremko wa kilima, barabara ikiwa nyuma ya kilima hicho, na katikati ya mteremko kichaka kikubwa cha miba ya zile zabibu nyeusi za porini, kimejikunja kama mnyama aliyelala. Baridi ilikuwa ya kuuma na anga nyeupe.

Jambo la kwanza nililoliona si kichaka. Ni majani. Bonde lote lilikuwa limetafunwa na kondoo mpaka likawa kama zulia, lakini kuzunguka kile kichaka majani yalifika kiunoni.

"Kondoo hawali pale?" nikamuuliza Maureen.

"Hawajawahi. Sijui kwa nini. Na huyu," akamwonyesha mbwa wake, "hapiti uzio ule. Angalia."

Akatembea hadi kwenye uzio wa chini, akapita, akamwita. Mbwa alikaa upande huu wa uzio. Hakubweka wala kulia. Alikaa tu, akageuza kichwa pembeni, kama mtu aliyeitwa na mdai na kujifanya hajasikia.

Tulibandika karatasi mteremkoni, kando ya kichaka, umbali uleule anaokaa mbweha, mlima wote ukiwa nyuma yake kupokea risasi. Nikalala juu ya mfuko wa mchanga kwenye baraza, nikapiga. Matundu yote katikati. Sasa hatukuwa na pa kujificha. Bunduki ilikuwa nzima Minto na ilikuwa nzima hapa.

Tukakaa kusubiri. Maureen alituletea chai, akakaa na sisi barazani, blanketi mapajani. Upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini, na ndipo Wekesa aliponishika mkono.

"Mzee, umesikia mtu?"

Nilikuwa nimesikia. Ilikuwa kama mtu anashusha pumzi ndefu baada ya kuweka mzigo chini. Ikakoma. Upepo ulipoongezeka ikaja tena.

"Mnasikia," Maureen akasema. Hakuuliza. "Nilidhani ni mimi tu. Ilianza baada ya tufani kuangusha miti ya juu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuna siku naitikia."

Wekesa akachukua darubini ya mkononi, akaielekeza mteremkoni.

Mbweha alikuja jua lilipoanza kulegea. Hakutokea upande wowote niliouona. Palikuwa na majani, halafu palikuwa na mbweha kwenye majani, amekaa mbele ya kichaka kama mbwa wa nyumbani, mkia umezunguka miguu, uso ameuelekeza kwetu. Nimewaona mbweha wengi. Mbweha akisimama mahali pa wazi husikiliza huku na huku, halikazii macho jambo moja. Huyu alikuwa anaitazama nyumba. Kwenye darubini macho yake yalikuwa yananiangalia mimi.

Vijana, hapa kuna ujuzi wa kazi ambao ndio uliotupatia jibu siku ile. Mkiwa wawili, mmoja apige na mwingine asiondoe macho kwenye darubini ya mkononi mpaka mpigaji amefika alipoanguka mnyama. Ukitembea kwenye majani, mahali hubadilika sura. Uliyoyaona kutoka mbali huyaoni ukiwa ndani yake. Yule aliyebaki ndiye jicho lako, anakuongoza kwa mikono.

Nilipiga. Mbweha alikwenda chini.

"Umempata," Wekesa akasema taratibu. "Ameanguka nyuma. Nimeona miguu." Hakushusha darubini yake. "Nenda, mzee. Nimepashika mahali."

Niliishusha bunduki, nikaondoa risasi, nikamwachia Maureen, nikateremka. Nilipita uzio, mbwa akanitazama. Nikapanda upande wa pili hadi kwenye yale majani marefu. Yalikuwa makavu, yanasugua nguo zangu. Nikageuka. Wekesa alikuwa mdogo barazani, darubini usoni, mkono mmoja juu. Akanielekeza kushoto. Nikaenda kushoto. Akanielekeza mbele.

Kichaka kilikuwa usoni kwangu. Majani yalikuwa yamelala kidogo mahali palipokaa mnyama, kama kiti. Hapakuwa na mnyama. Hapakuwa na damu. Nikainama, nikapapasa: ardhi pale ilikuwa na vuguvugu.

Nikageuka tena. Mkono wa Wekesa ulikuwa unaniambia mbele. Bado kidogo. Hatua moja.

Nilinyanyua mguu, na ile pumzi ikaja. Safari hii haikuwa sauti ya mbali. Ilinipanda miguuni, ndani ya suruali, yenye joto, yenye harufu ya udongo uliofungiwa. Katika baridi ile, hewa ya joto ikanivuma usoni kutoka chini ya miba, kama mtu aliyekaribia kunieleza kitu sikioni.

Mguu uliobaki chini ulihisi ardhi inabonyea.

Sikukimbia. Nilijilaza chini polepole, nikalala kifudifudi, nikatandaza mikono, nikarudi nyuma kwa tumbo kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nilipofika kwenye udongo mgumu nikaokota jiwe, nikalirusha chini ya kichaka, pale mkono wa Wekesa ulipokuwa unanipeleka. Halikugonga kitu. Nikasubiri. Nikafikiri labda limekwama kwenye miba. Kisha, chini sana, likalia.

Wekesa alikuja na kamba ya gari na tochi kubwa. Tulijifunga, kamba tukaizungusha kwenye nguzo ya uzio, tukatambaa, tukaisukuma miba kwa ubao. Nchi ile yote ilichimbwa dhahabu enzi za zamani. Wachimbaji walipoondoka waliyafunika mashimo kwa mbao na udongo, mbao zikaoza, miba ikaota juu, na hata wenye shamba hawakujua. Mdomo wa shimo ulikuwa mpana kama mlango, na ukingo wake wa mbele ulikuwa mteremko laini uliong'arishwa na miguu ya wanyama. Mbweha akipigwa amekaa pale, anaanguka nyuma, anateleza chini ya miba, amekwenda.

Wekesa ndiye aliyekuwa mbele na tochi. Akaizungusha polepole.

"Mbweha wako," akasema mwishowe. "Wako wote."

"Haya. Turudi."

"Mzee." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna kiatu."

Nikatambaa mpaka begani kwake. Mwanga ulikuwa mdogo kule chini, lakini kiatu hakifanani na kitu kingine. Na karibu yake, limenasa kwenye gogo, begi la turubai.

Maureen alikuwa amesimama kwenye uzio na mbwa wake tuliporudi. Alikuwa ametuona tulivyokuwa tunatembea, na nadhani alishajua. Nilitafuta maneno ya Kiingereza yasiyokuwa makali, sikuyapata.

"Kuna shimo la zamani," nikamwambia. "Na kuna begi ndani."

"La kijani," akasema.

"Ndiyo."

Akakaa kwenye majani, palepale. Mbwa akaweka kichwa mapajani mwake. Wekesa akavua kofia. Alasiri ikaendelea kuzama, na kule mteremkoni upepo ukashusha pumzi yake tena, nasi sote watatu tukausikia.

Polisi walikuja, kisha watu wa uokoaji na winchi. Kijana mmoja wao, mpole, alinieleza kwamba mashimo marefu hutoa hewa ya joto wakati wa baridi, na kwamba wanyama hupenda kuota joto pale. Na sauti ni upepo unaopita juu ya mdomo, kama chupa. Nikamshukuru. Nilimweleza Zuhura vilevile, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na kwa nini walikuwa wanaitazama nyumba?"

Hilo kijana hakunieleza, na mimi sikumuuliza.

Sasa mnaelewa kwa nini ninawasumbua. Kama bunduki ile ingekuwa na ubovu kidogo tu, wa kawaida, wa kusamehewa, tungesema imekosa. Maureen angesema imekosa. Angeendelea kwenda pale kila alasiri kutafuta mbweha kwenye majani, karibu zaidi, hatua moja zaidi. Bunduki sahihi inakuondolea visingizio. Ikishakuambia kwamba si yenyewe iliyokosea, itakubidi uinue macho na kuangalia mahali ambapo hukutaka kuangalia.

Mazishi yalikuwa kwenye kanisa dogo la mawe, watu wachache. Tulikwenda mimi, Zuhura na Wekesa, tukakaa nyuma. Watu walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kwamba maskini Graham hakufika mbali siku aliyomwacha mkewe, kwamba alikata shauri kuvuka mteremko ili afupishe njia. Maureen aliyasikia. Alikaa wima, anatazama mbele. Alikuwa amempata mumewe, na alikuwa amempata akiwa anaondoka.

Tulipotoka nje, yule jirani aliyemwona barabarani siku ile alikuwa amesimama langoni. Hakuingia kanisani. Anaitwa Des, mzee sana, na kofia alikuwa ameikunja mkononi mpaka imepoteza umbo. Maureen alimwendea, nasi tulikuwa nyuma yake.

"Samahani, Maureen," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia nimemwona barabarani na begi."

"Ulimwona, Des. Ulisema ulichokiona."

"Nilimwona. Nilimpungia, naye akanipungia." Akatazama chini. "Baadaye niliposikia watu wanasema amekuacha, nikadhani nimekosea upande. Hakuna aliyeniuliza alikuwa anaelekea wapi. Nikadhani kumbukumbu yangu ndiyo mbovu."

"Upande gani?" Maureen akauliza.

"Alikuwa ameipa barabara kisogo. Anapanda mteremko, begi begani." Mzee akanyoosha mkono kuonyesha, kama vile kilima kilikuwa pale mbele yetu. "Alikuwa anakata njia kuja nyumbani."